Saratani ya tezi dume: kuchagua tiba ukiwa mbali na hospitali kubwa, na hukumu za ibada na ndoa baada yake

Mwanamume wa Karagwe au Kyerwa akishathibitishwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa, mara nyingi huulizwa swali ambalo hakulitarajia: achomwe sindano kila mwezi au kila miezi mitatu kwa maisha yake yote, au akubali kutolewa korodani mara moja? Hujibu huku amekaa kwenye benchi la hospitali, pengine na mtoto wake wa kiume pembeni, wote wawili wakiona haya kutazamana. Wengine huomba wakajadiliane nyumbani, na hawarudi tena.

Tumeanza na wilaya hizo mbili za Kagera, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, kwa sababu hali ya wagonjwa wa kule inafanana sana na ya wagonjwa wetu wa Unguja na Pemba. Wao wana vilima na mpaka wa Rwanda na Uganda, sisi tuna bahari. Wote mashine ya mionzi iko mbali nasi. Mzee wa Kaisho au Nkwenda huanzia zahanati, akaenda Hospitali ya Isingiro au ile ya Nyakahanga karibu na Kayanga, kisha Bukoba, kisha Bugando kule Mwanza, kwa meli ya usiku au kwa basi linalopita Geita na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Mzee wa Micheweni huanzia Wete au Chake, akaja Mnazi Mmoja, na kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa mionzi wamekuwa wakivuka kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Umbali huo unaingia ndani ya uamuzi wa tiba. Ni bora familia iuhesabu mapema kuliko kuugundua katikati ya njia.

Maradhi yenyewe na namna yanavyothibitishwa

Tezi dume ni kiungo kidogo, kikubwa kidogo kuliko kungumanga, kilicho chini ya kibofu na kuizunguka njia ya mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa wanaume wengi huongezeka ukubwa kadiri umri unavyokwenda, na ongezeko hilo la kawaida si saratani, ingawa dalili zinaingiliana: mkojo kukatika, kuamka usiku mara nyingi, kuhisi kibofu hakijaisha. Saratani changa aghalabu haina dalili hata moja. Anayesubiri mkojo uzibe ndipo aende hospitali huenda amechelewa sana.

Wazee wa huku huuita mshipa au ngiri, na kote utasikia "ni uzee tu". Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik, alipowahimiza watu kutafuta tiba aliutoa uzee peke yake kuwa hauna dawa. Basi tusiyaingize maradhi yenye tiba katika jina la uzee. Mwanamume aliyetimiza miaka 50 azungumze na daktari kuhusu kupima. Mwenye baba au ndugu wa kiume aliyepata maradhi haya aanze mapema zaidi, kwenye miaka 45 au hata 40. Wanaume weusi wana hatari kubwa zaidi kuliko wengine, na Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume.

Kipimo cha damu cha PSA kikiwa juu hakimaanishi moja kwa moja kuwa ni saratani. Maambukizi ya mkojo, ukubwa wa kawaida wa tezi, hata kuwekewa mpira wa mkojo, vyote hukipandisha. Daktari huweza pia kupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hilo ndilo linalowakimbiza wengi, lakini huchukua chini ya dakika moja, na kwa haja ya tiba sitara hulegezwa kwa kadiri ya haja hiyo. Ombeni daktari mwanamume ikiwezekana. Hukumu ya mwisho hutolewa na kinyama kinachochukuliwa kwa sindano na kutazamwa maabara. Hapo hupatikana alama za Gleason, ambazo kwa saratani huanzia 6 na kufika 10. Kadiri namba inavyopanda ndivyo saratani inavyokuwa kali. Usemi kwamba saratani ikiguswa na chuma inatawanyika umewazuia wengi wasitolewe kinyama, nao hauna msingi. Bila kinyama hicho daktari anabahatisha.

Familia iondoke na majibu matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi: PSA ni ngapi, Gleason ni ngapi, na je, imetoka nje ya tezi au imefika kwenye mifupa? Bila hayo matatu, ushauri wowote wa jirani, wa mganga, hata wa makala hii, hauna pa kushika.

Ikiwa bado imo ndani ya tezi

Hapa kuna nafasi kubwa ya kupona, na kuna njia zaidi ya moja. Uingereza walifanya utafiti uitwao ProtecT. Wanaume 1,643 wenye saratani iliyogunduliwa mapema waligawanywa makundi matatu: wa kufuatiliwa kwa vipimo, wa kupasuliwa na wa mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa 2023, na katika kila kundi takriban 97 kwa kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Kwa saratani ndogo isiyo kali, basi, kungoja huku ukipimwa ni tiba halali ya kitabibu, wala daktari anayeishauri hajakutelekeza. Sharti lake ni kurudi kila unapoambiwa. Kwa mtu ambaye kipimo cha PSA kiko safari ya siku nzima kutoka kwake, sharti hilo si jepesi, na amwambie daktari ukweli huo. Wale wa Uingereza pia walipatikana mapema kwa kupimwa damu, kwa hiyo matokeo yao asiyachukue mtu aliyekuja hospitali akiwa tayari na maumivu ya mifupa.

Upasuaji wa kuondoa tezi yote unahitaji bingwa wa njia ya mkojo. Kuna upasuaji mwingine ambao watu huuchanganya na huu: ule wa kukwangua tezi kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo. Huo hufungua mkojo tu, haumalizi saratani. Aliyefanyiwa akaona mkojo unatoka vizuri asidhani amepona.

Mionzi ya nje ni sawa na upasuaji kwa uwezo wa kuponya kwa wengi, ila zamani ilichukua wiki saba na zaidi, siku tano kila wiki. Utafiti mwingine wa Uingereza, CHHiP, ulionyesha mwaka 2016 kwamba vipindi 20 vya dozi kubwa zaidi, yaani wiki nne, vinaweza kufanya kazi ya vipindi 37. Si kila mashine na si kila mgonjwa anafaa kwa mpango huo, lakini ni swali linalostahili kuulizwa Bugando au Ocean Road. Kwa mkulima wa Kyerwa anayeacha shamba la kahawa, au mvuvi wa Kojani anayelipia chumba Dar es Salaam, wiki tatu na nusu ni fedha nyingi.

Ikiwa imesambaa: sindano au upasuaji wa korodani

Wengi wetu hufika katika hatua hii. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Charles Huggins wa Chicago na mwenzake waliibainisha njia hiyo mwaka 1941, na 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Ukikata homoni, saratani husinyaa, maumivu hupungua, na mgonjwa hupata miezi, mara nyingi miaka, ya maisha yenye nafuu. Haimalizi maradhi kabisa.

Homoni hukatwa kwa moja ya njia mbili. Sindano kama goserelini huchomwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, au ile kubwa kila wiki 12. Mwanzoni huipandisha homoni kabla ya kuishusha, ndiyo maana daktari hutanguliza vidonge kama bikalutamidi. Mwenye saratani ya uti wa mgongo asianze sindano bila kuuliza juu ya vidonge hivyo. Njia ya pili, upasuaji wa kutoa korodani, hufanyika kwa muda mfupi, hauhitaji mashine kubwa, na homoni hushuka ndani ya takriban siku moja. Kuna namna ya kutoa nyama ya ndani tu, mfuko ukabaki na umbo lake. Ombeni hiyo, kwa wanaume wengi hilo pekee hupunguza nusu ya uzito wa jambo.

Kwa upande wa dawa matokeo ya njia hizi mbili yanakaribiana. Tofauti ni kwamba sindano ikiachwa homoni huweza kurudi, na upasuaji haurudishwi. Lakini sindano inayokosekana haitibu. Mgonjwa aliyepata dozi mbili, dawa ikaisha hospitali au nauli ikaisha mfukoni, akakaa miezi minne, hakuwa katika tiba miezi hiyo; homoni ilipanda, na saratani ikalishwa. Kwa maoni yetu hesabu ya kweli ya familia iwe hii: je, tunaweza kuhakikisha sindano hii bila kukosa kwa miaka? Ulizeni kama bima, iwe NHIF au ZHSF, inailipia, na inapatikana kituo gani. Jibu likiwa ndiyo, sindano ina heri yake. Likiwa hapana, kumng'ang'aniza mzee sindano kwa ajili ya kulinda heshima yake ni kumpunguzia umri wa nafuu.

Sheria inasemaje? Kuhasi binadamu ni haramu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Uthman bin Madh'un hakuruhusiwa na Mtume (S.A.W.) kuwaacha wanawake kwa ajili ya ibada, na Sa'd bin Abi Waqqas akaeleza kuwa lau angeruhusiwa, wao wangejihasi. Makatazo hayo yanamhusu anayekata matamanio au kizazi pasi na dharura. Mgonjwa ambaye daktari mwaminifu amemwambia kuwa korodani zinailisha saratani yake yuko katika mlango mwingine, mlango wa kukata kiungo ili kuokoa nafsi, kama mguu uliooza. Sindano nayo hufanya kazi ileile kwa dawa. Hapana dhambi kwa aliyechagua upasuaji kwa haja hiyo, na hapana aibu. Kilichokatwa ni vizuri kizikwe. Mwambieni daktari kabla ya siku ya upasuaji, maana baadhi ya vipande huhitajika maabara.

Siku hizi wagonjwa wengine huongezewa dawa ya dripu, dositakseli, kila wiki tatu, au vidonge vya abirateroni, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu 2019. Anayetumia dripu akipata homa asingoje asubuhi. Kinga yake imeshuka na homa hiyo inaweza kuua.

Kuishi na madhara ya tiba

Upasuaji wa tezi huacha mkojo ukivuja kwa wiki au miezi. Wengi huimarika ndani ya mwaka. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi: kaza misuli ile unayoitumia kuzuia upepo, hesabu hadi kumi, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usifanye wakati wa kukojoa. Anza hata kabla ya upasuaji. Usijinyime maji kwa kuogopa kuvuja. Mkojo mzito huchoma kibofu zaidi. Chai na kahawa punguza, na hilo tunajua ni gumu kwa mtu wa Karagwe anayeishi katikati ya mibuni.

Mionzi huleta uchovu, mkojo wa mara kwa mara na kuharisha. Katika wiki hizo maharage yapungue kwenye ndizi, yatarudi baadaye. Damu kwenye choo inaweza kutokea hata baada ya mwaka mmoja au miwili. Nenda upimwe, na mwambie daktari kuwa uliwahi kupigwa mionzi, asije akatibu bawasiri.

Kukatwa kwa homoni huja na mengi: joto la ghafla na jasho usiku, matamanio kuisha, matiti kuvimba, tumbo kuongezeka, hasira au huzuni isiyo na sababu, sukari kupanda, na mifupa kulegea. Mke na watoto wanatakiwa kujua kuwa huzuni hiyo inatokana na dawa. Mzee atembee kila siku, afanye kazi nyepesi za mikono, ale dagaa na anywe maziwa kwa ajili ya mifupa. Mitishamba isichanganywe kimyakimya. Anayetaka kuendelea nayo amwambie daktari jina lake. Anayetaka kupiga hijama aulize kwanza kama damu yake inatosha.

Udhu, Sala na saumu

Wapo waliouacha msikiti kwa sababu ya mkojo unaovuja, nao walikuwa safu ya mbele miaka yote. Hukumu yao iko wazi katika fiqhi, imejengwa juu ya ile ya mwanamke wa istihadha. Kwa madhehebu ya Shafi, anasubiri wakati wa Sala uingie, anajisafisha, anavaa pampasi au kitambaa safi, anatia udhu na kusali bila kuchelewa; kungojea jamaa hakudhuru. Kinachotoka baada ya hapo hakimbatilishii. Udhu huo ni kwa faradhi moja na sunna atakazo; faradhi inayofuata atautia upya. Kwa Hanafi udhu mmoja humtosha kwa wakati mzima. Mwenye mpira wa mkojo na mfuko wake huchukua hukumu hiyohiyo ya udhuru. Akiogopa kuchafua msikiti ahakikishe amejifunga vizuri, kisha aende. Imamu aliyepatwa na hali hii naye asijiuzulu kwa pupa: kauli sahihi zaidi kwa Shafi ni kuwa asiye na udhuru anaweza kumfuata mwenye mkojo usiozuilika, ingawa Hanafi na Hanbali wanakataa. Na ambaye kuharisha kwa mionzi kumemshinda, Imamu Nawawi aliipa nguvu kauli ya kujuzu kukusanya Sala mbili kwa maradhi. Amuulize sheikh wake juu ya hali yake.

Sindano isiyo ya lishe, mfano hii ya homoni, haibatilishi saumu kwa azimio la Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jiddah la 1997. Kipimo cha kidole na kuingizwa mpira vina khilafu, kwa hiyo kama si dharura vipangwe usiku au nje ya Ramadhani. Abirateroni hunywewa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena, na nafasi hiyo inapatikana baina ya futari na daku. Prednisoloni inayoandamana nayo hunywewa pamoja na chakula.

Ndoa

Upasuaji na mionzi vyote huweza kuondoa nguvu za kiume, upasuaji mara moja na mionzi polepole. Baada ya kuondolewa tezi, maji ya uzazi hayatoki tena hata raha ikipatikana; anayetaka mtoto azungumze na daktari kabla. Kukoga janaba kunawajibika kwa kuingiliana hata kama hakikutoka kitu. Dawa kama sildenafili husaidia baadhi, lakini anayetumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, ile ya kuweka chini ya ulimi, asiiguse, maana huangusha presha kiasi cha kuua. Aliyekatwa homoni aghalabu haimsaidii kwa kuwa matamanio yenyewe yameondoka.

Ndoa haivunjiki kwa upasuaji wala kwa sindano. Hakuna eda, hakuna kufunga upya. Kulala kitanda kimoja, kushikana mikono na kuzungumza hakujakatazwa na daktari yeyote. Idhini ya mke si sharti la tiba, ila kumficha ni kumdhulumu, maana atajua, na akijua mwenyewe atadhani ana mwenzake nje. Wakewenza nao waambiwe kwa pamoja. Mke mwenye dai lake ana mlango wa Kadhi kwa Visiwani, na wa masheikh wa BAKWATA kwa Bara.

Maumivu na dharura

Saratani ikifika kwenye mifupa huuma usiku. Mofini ya maji ya kunywa, ambayo Ocean Road wamekuwa wakiitengeneza, ni halali kwa maumivu kama hayo, na akiitumia kama alivyoandikiwa haimfanyi mtu kuwa mlevi wala haiharakishi kifo. Hufunga choo, basi apewe na dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Mionzi ya kipindi kimoja tu huweza kutuliza mfupa unaouma. Ikiwa safari inawezekana, ni safari ya mara moja.

Mgonjwa wa tezi dume mwenye maumivu mapya ya mgongo, akaanza kuhisi miguu mizito au ganzi, au mkojo na choo vikagoma au kutoka vyenyewe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo. Uti wa mgongo unabanwa. Akifika bado anatembea, kuna matumaini ya kuendelea kutembea. Akifika amepooza siku tatu, ni vigumu kurudi. Nauli ya safari hiyo iwekwe kando tangu mwanzo, na maskini katika hali hii anastahiki zaka.